Uso wa Bibi Harusi Kwenye Beseni la Barafu

Nilimshika bibi harusi kisogoni nikamzamisha uso kwenye beseni la barafu, saa moja kabla ya ndoa yake, mbele ya mama yake mzazi.

Waliokuwepo wanaisimulia kwa sifa. Mimi kila nikiisikia natafuta pa kujificha.

Bibi harusi ni binti wa mama yangu mdogo. Kanizidi miaka minne, namwita Dada. Mimi nimemaliza chuo cha uuguzi mwaka jana, na ni mtu wa kukaa pembeni. Aliponichagua nisimame naye, ndugu walicheka. "Huyu asiyeweza hata kuagiza chai?"

Asubuhi ile chumba kilijaa wanawake. Mpambaji, tuliyembatiza Madam Brashi, alianza kwa kumwosha Dada uso kwa maji ya barafu, eti ngozi ikaze. Kisha akampaka kwa saa tatu.

"Anayetaka kumbusu asubiri zamu ya bwana harusi," akatangaza.

Mara Dada akaniita kwa jicho. Nikainama.

"Moyo unakimbia," akanong'ona. "Umeanza ghafla tu."

Shangazi akadaka. "Usipokimbia leo utakimbia lini? Mimi siku yangu nusura nitokee dirishani."

Wakaangua kicheko. Nikamshika Dada mkono, nikahesabu. Mapigo mia na tisini kwa dakika, yamepangana kama mshono wa cherehani.

Nikajua. Chuoni tulifundishwa: mbio za namna hiyo, uso ukiingia kwenye maji baridi sana huku pumzi imebanwa, mwili hudhani umepiga mbizi, na moyo hupunguza mwendo. Beseni lilikuwa miguuni pangu. Barafu aliyoiongeza Madam muda mfupi uliopita ilikuwa bado inaelea.

Nikautazama ule uso. Kope, mashavu, midomo. Saa tatu za kazi.

Nikapiga kimya.

Nikajipa dakika tano. Nikahesabu tena, vilevile. Nikajiambia itatulia. Dakika kumi nyingine zikapita, nikahesabu mara ya tatu. Usoni Dada aling'aa, poda imeficha kila kitu, lakini viganja vilikuwa vimepauka, vimelowa jasho baridi.

"Madam," nikasema, "samahani, kama inawezekana..."

"Mdogo wangu, ongea au kaa."

Nikakaa.

Dada akaanza kulegea kitini. Hapo sikuomba ruhusa tena. Nikamwambia Shangazi apige simu hospitali, nikapandisha beseni mezani.

"Dada, vuta pumzi. Ibane."

Nikamzamisha.

Mama mdogo akapiga ukelele. Madam Brashi akanivuta gauni mpaka likachanika begani. Nikahesabu hadi ishirini, vidole vyangu vikiwa kwenye mshipa wake wa mkono.

Mapigo yakasita. Yakarudi taratibu. Themanini.

Hospitalini daktari akauliza, "Ulimweka majini baada ya muda gani?"

"Papo hapo," nikasema.

Akanipongeza. Mama mdogo akanikumbatia akilia. Dada alinitazama, wanja umemchirizika hadi shingoni.

Tulipobaki wawili, akasema, "Dakika ishirini na tano."

Nikachukua pamba, nikaanza kumfuta wanja shingoni.

"Unajua kwa nini nilikuchagua? Hali hii ninayo tangu sekondari. Niliona aibu kusema, hata kwa mchumba wangu. Nikawaza, nikiwa na wewe karibu, utajua mwenyewe. Umenishika mkono mara tatu. Kila mara nilidhani, sasa."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Ndoa ilisogezwa hadi jioni. Kabla ya kuingia, Dada alimweleza bwana harusi kila kitu. Akaingia uso mtupu, na hakuna aliyekufa kwa kuuona.

Mimi nilichelewa tena, siku mbili. Ndipo nikarudi kwa daktari nikamwambia ukweli. Akafungua faili, akafuta "papo hapo", akaandika ishirini na tano. Hakuinua kichwa.

Nawaandikia nyie wenzangu wapole, mnaojua na mnanyamaza. Watu wanaiita adabu. Kwangu siku ile ulikuwa woga, na ulikaribia kunichukulia Dada. Sema, hata kama sauti inatetemeka. Uso hupakwa upya.