Nta ya Baba Mkwe

Aibu hii sijawahi kuisimulia mbele ya wanangu, na nyinyi nawaambia kwa sababu ni wenzangu na mzee mwenyewe ameshatangulia mbele ya haki. Miaka ile ya hamsini nilikuwa fundi bomba pale mgodini Mwadui, fundi hasa, si wa kubahatisha, na nyumba niliyopewa nikaiwekea mwenyewe bafu la maji ya moto: pipa juu ya mafiga huko nje, bomba likapita ukutani mpaka ndani (majirani walikuja kulitazama, nami kuringa nilikujua). Ila tundu nililotoboa lilikuwa kubwa kuliko bomba, nikaliacha hivyo hivyo, na siku moja siafu wakapita hapo wakamvamia mwanangu Masele ndani ya beseni, hata kutambaa alikuwa bado. Mke wangu hakugomba. Alimfunga mtoto mgongoni akarudi kwao Nyahanga, na baada ya mwezi baba yake akatuma neno kwamba anakuja kuona kwa macho yake kama nyumba yangu inafaa kulea mtoto, ndipo amrudishe binti yake au asimrudishe.

Saruji ilikuwepo stoo, ya kuomba tu kwa msimamizi. Lakini fundi mzima niende kumwambia msimamizi kwamba bafuni kwangu kuna tundu? Nikachukua bonge la nta alilowahi kuniletea huyo huyo baba mkwe (mrina asali, hata koti lake lilinuka moshi wa mizinga), nikalilainisha, nikaziba kuzunguka bomba kwa ndani, na ya nje iliponipungukia nikapaka paka tu, nikasema inatosha. Siafu kweli hawakuja. Walikuja nyuki, wawili watatu, wakizunguka pale nje, nami nikadhani wanafuata maji. Kumbe ukuta ule ulikuwa na uwazi katikati, na wale walikuwa wanawapelelezea wenzao nyumba, kundi zima likahamia humo bila mimi kujua.

Mzee alifika mchana na vumbi la safari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nioge kwanza, tutaongea."

Nikakoka moto wa kujionyesha, maji yakachemka, bomba likapata joto, na nta ikafanya kile ambacho hata mtoto anajua nta hufanya ikipata joto. Nikasikia mzee anaita kwa Kisukuma, "Nzuki! Nzuki!" mlango ukafunguka, akatoka mbio na povu lake, hana hata uzi mwilini, moja kwa moja mpaka kwenye bomba la mtaa walikopanga foleni akina mama.

Sasa niambieni, ningefanyaje? Kwetu mkwe hata kumkazia macho ni vibaya, sembuse kumwona vile. Nikanyakua shuka kwenye kamba, nikampa mgongo, nikalitandaza nyuma yangu na kuanza kumwendea kinyumenyume, nyuki wananichoma shingoni, akina mama wananielekeza, "Kushoto, Baba Masele, kushoto," mpaka nikajikwaa kwenye ndoo nikamwangukia mzee mzima mzima. Nilitamani ardhi inimeze. Ni bibi mmoja pale aliyevua kanga yake ya juu akamfunika.

Jioni tulikaa kwa jirani, jicho moja la mzee limefumba kwa uvimbe. Akabandua kitu kisiginoni, akakinusa.

"Hii ni nta niliyokuletea mimi."

"Ndiyo, baba."

"Mimi mzinga mpya naupaka nta ili nyuki waje. Wewe bafu ulilipaka aje nani?"

Akasema binti yake atabaki kwao kwanza.

Saruji niliiomba kesho yake mbele ya watu, na msimamizi akanipa karai zima bila kuniuliza kitu. Mke wangu alirudi baada ya mavuno mawili, Masele ananikimbia kwa kuwa hanijui, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ningemeza kiburi changu siku ile, mwanangu angejifunza kutembea mbele ya macho yangu. Mzee hakukanyaga tena kwangu. Asali alituma kila mwaka mpaka alipofariki, imechujwa vizuri, haina hata chembe ya nta.