Kina Nambeye na Amri ya Mstari Mmoja

Huu ni mwaka wa kumi na moja Fortunata Nambeye ni karani wa kumbukumbu katika chama cha wakulima pale Vwawa, na wanaomfahamu watakwambia huwa hapandishi sauti. Siku hiyo aliipandisha mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Chanzo ni Deus, mtaalamu wa kompyuta aliyeletwa kutoka mjini kusafisha orodha ya wanachama. Aliona baba kaandikwa SIMBEYE na binti yake NAMBEYE, akacheka, eti makarani wa huku hata kunakili hawajui. Kuuliza hakuuliza! Angeuliza, hata mama wa chai angemwambia kwamba huku Mbozi ukoo ni huohuo mmoja: mwanamume ni Simbeye, mwanamke ni Nambeye, tangu enzi za mababu. Yeye akaandika amri moja ya SQL, lugha ya kuiamuru kompyuta ya kumbukumbu, mstari mmoja tu: kila penye NA, weka SI. Akabonyeza, akaenda zake kunywa chai.

Sasa hiyo SQL, kwa kutunza kumbukumbu na kuzitafuta, ni hodari kweli. Kwa kurekebisha majina ya watu ni kipofu aliyeshika panga. Haijui jina la ukoo wala la ubatizo, ilifyeka kila ilipozikuta herufi hizo.

Kesho yake asubuhi Ketrina, mjane wa Itaka, akaingia ofisini na kadi mpya mkononi: KETRISI SIMBEYE. Ghalani walimnyima mbolea kwa sababu kitambulisho chake kina jina jingine, na mahindi yake yamefika magotini, yameanza kuwa ya njano.

"Shangazi, kaa kwanza," Fortunata alisema, akimvutia kiti.

"Mwanangu, mimi nimekuwa mwanaume lini?"

Deus, pale kwenye kompyuta yake, wala hakushtuka. "Dada, hilo dogo. Tunageuza amri, kila SI inarudi kuwa NA."

"Halafu akina Yesaya Simbeye wote wawe wanawake? Hiyo SQL yako inakumbuka nani alikuwa nani?" Fortunata alifoka, na hapo ndipo mlinzi alipochungulia.

Haikumbuki. Na nakala ya zamani bwana mkubwa Deus hakuweka. Fortunata akashusha kabatini madaftari ya vijijini yenye alama za dole gumba, akaanza na Ketrina, akamchapia kadi upya, akagonga muhuri, akamsindikiza mpaka mlangoni ili awahi ghala. Walibaki wengine karibu mia nne, wa kuandikwa mmoja mmoja.

Alikuwa amefika wa thelathini Deus alipomletea fomu iliyotoka kwenye mashine: karani akiri kwamba majina yaliharibika kwa uzembe wake.

"Ni utaratibu tu, dada. Saini hapo."

Fortunata aliisoma yote, mpaka chini penye nafasi ya saini. Hapo kompyuta ilikuwa imechapa jina la karani, ikilichota kwenye orodha ileile: FORTUSITA SIMBEYE.

Akamsukumia karatasi yake. "Mtu huyu ofisi hii haina. Umemtengeneza wewe, basi msainie."