Viganja Mgongoni mwa Gauni Jeupe

Watu walimwita Mzee Kola, na jina lilimkaa. Dobi yule hakuwa na habari na sura ya mtu. Ukimsalimia, macho yake yanashuka moja kwa moja hadi kwenye kola ya shati lako, na hapo hapo amekusoma wewe na malezi yako yote. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, pasi mkono wa kulia, maji ya kunyunyizia mkono wa kushoto, mvuke ukimpanda puani. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimepinda kama ndoana. Pasi ilikichoma angali kijana, kikagoma kunyooka mpaka leo.

"Nanyoosha nguo za mji mzima," alizoea kusema, "kidole changu mwenyewe kimenishinda."

Uchafu aliuchukia, tena kuuchukia hasa, si mchezo. Akiona kikombe chenye alama ya midomo ya mtu, siku hiyo chai haimpiti kooni. Ndiyo maana binti yake wa pekee alipoacha ukarani akaenda kuimba kwenye mabaa, mzee alimtolea maneno mazito: "Muziki wenu ni uchafu, na uchafu haulali ndani ya nyumba yangu!" Mvua ilikuwa inamwagika. Akafunga mlango, binti akiwa upande wa nje. Sasa ni miaka miwili, na katika miaka hiyo miwili binti alimpigia simu mama yake kila wiki. Kwa baba yake hakupiga hata kwa kukosea namba.

Halafu likaja furushi. Ndani yake gauni refu jeupe, tiketi moja ya tamasha, na kikaratasi: "Baba, Jumamosi saa kumi naimba kwenye jukwaa kubwa. Hakuna anayenyoosha nguo kama wewe. Nipigie pasi tu, kisha uniletee mwenyewe."

Mzee alikisoma mara nne. Alichokuwa akikitamani, na hakuwahi kukisema ila kwa mto wake wa kulalia, ni mtoto yule amwite tena Baba. Leo ameitwa, japo kwa kalamu. Akalikunjua gauni.

Lahaula! Viganja! Viganja vya watu, saba kwa hesabu, vingine vya rangi, kimoja cha tope tupu, vimegandamizwa begani, kiunoni, katikati ya mgongo.

"Walevi!" alifoka. "Wamemshikashika mwanangu kwa mikono yao ya chooni!"

Mkewe akachungulia kutoka jikoni, akakisoma kile kikaratasi. "Mtoto kasema pasi tu."

"Pasi juu ya doa? Mama, ukipiga pasi juu ya doa umelizika humo humo, halitoki tena. Kazi hiyo sifanyi hata nikishikiwa panga."

"Wewe hata ukienda peponi utauliza mawingu kafua nani. Mpigie umuulize."

Hakupiga. Angeanzaje, baada ya miaka miwili? Kuomba radhi kwa sabuni ndiyo lugha aliyoijua. Akaloweka, akakamua ndimu, akatia chumvi, akasugua siku tatu mpaka ngozi ya vidole ikamchubuka. Kila kiganja kilichotoka aliona amemtupa mlevi mmoja nje. Siku ya tatu gauni likawa jeupe pe. Akalitia wanga, akalipiga pasi, akalining'iniza, akalitazama huku akitabasamu peke yake kama mwehu.

Jumamosi akavaa shati lake jeupe la harusini, akalifunika gauni kwa nailoni, akaenda.

Maisha yake yote hakuwahi kukanyaga tamasha la uwanjani, na alipofika getini alijua ni kwa nini. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na maelfu ya miguu ilikuwa imelikanda lile tope mpaka likawa uji. Harufu ndiyo ilimpokea kwanza: pombe iliyomwagika, jasho, mafuta yaliyokaangia vitu tangu asubuhi, na chini ya hayo yote, vyoo. Vilipangwa safu nzima, vyoo vya plastiki, na kutoka chini ya milango yake kilikuwa kinatoka kitu ambacho mzee hakutaka kukitazama mara mbili. Haja ilikuwa imembana. Akafungua kimoja. Akakifunga. Akaamua atabana mpaka nyumbani, liwalo na liwe.

Mbele yake kijana alikuwa anatapika, na rafiki yake, hatua moja tu pembeni, anakula. Anakula! Msichana mmoja amelala chali kwenye tope, anacheka. Mwingine ameokota kikombe chini, akakikung'uta, akakinywea. Spika nazo zilipiga mpaka meno ya bandia yakamcheza mdomoni.

Akaliinua gauni juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, akajitosa kwenye umati. Watu wakadhani anapeperusha bendera. "Mzee, tupo pamoja!" wakamshangilia, wakamkumbatia kwa vifua vilivyolowa. Mara bia nzima ikamshukia kifuani, kwenye shati lile la harusini.

"Samahani, babu!"

"Samahani inafua?" akafoka. "Wanyama wana adabu kuliko nyinyi!" Akaapa akirudi ataoga mara tatu na viatu atavichoma moto. Lakini gauni halikuguswa hata na tone. Mikono ilikuwa imekufa ganzi na hakuishusha.

Mlinzi wa nyuma ya jukwaa alitazama tiketi, akamtazama alivyotota, akamwonyesha hema. Binti yake alikuwa amesimama ndani, amekonda kidogo, nywele fupi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu." Badala ya kusema lingine akavua nailoni kwa haraka, akalitandaza gauni mbele yake.

Binti alilishika. Akaligeuza mgongo, akaligeuza tena mbele. Nje mtu akapaza sauti, "Dakika kumi!"

"Baba, viganja viko wapi?"

"Yale madoa? Nimeyatoa yote! Siku tatu, mwanangu. Angalia mkono wangu."

Binti hakuuangalia mkono. Alikaa kwenye kiti taratibu, gauni likiwa magotini mwake. "Haya hayakuwa madoa. Kila aliyenisaidia nilimwomba aniwekee mkono. Hapa begani alikuwa mpiga gitaa wetu, alinigawia chakula chake miezi sita. Hapa kiunoni, yule dada aliyenikatia nywele bure. Na hiki cha tope, cha katikati..." Akapapasa mgongo wa gauni. "Kilikuwa cha mama mwenye nyumba. Alikuwa anapalilia bustani yake nilipomwomba. Ndiye aliyenifungulia mlango siku ile ya mvua ulipofunga wako. Amekufa mwezi wa tatu, Baba. Ndiyo maana nilisema pasi tu. Nilitaka kisitoke milele."

Mzee aliurudisha nyuma mkono wake uliochubuka.

"Haidhuru," binti akasema, akajifuta macho. "Ni safi sana. Asante." Akaingia nyuma ya pazia, akatoka amelivaa, akampa mgongo ili ajitazame kwenye kioo. Mgongo ule ulikuwa mweupe, hauna kitu. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Mzee Kola alitazama kitambaa safi akashikwa na kinyaa, na aliyemtia kinyaa alikuwa yeye mwenyewe.

Akatoka nje ya hema. Pale mlangoni tope lilikuwa jeusi, lina vipande vya sigara na harufu ya mambo asiyotaka kuyajua. Akachuchumaa. Mkono uligoma. Akaulazimisha, akauzamisha mpaka kwenye kifundo, na alipouinua alikuwa amefumba macho asitapike.

"Mwanangu," alisema aliporudi, tope likimdondoka, "chake siwezi kukirudisha. Na mimi sikukusaidia kitu, najua. Naomba tu. Niweke wapi?"

Binti aliutazama ule mkono muda mrefu. Nje wakaita jina lake la jukwaani. Akamgeuzia mgongo.

"Pembeni," akasema. "Pale katikati paache."

Mzee akaugandamiza mkono wake pembeni, karibu na mbavu, akahesabu mpaka kumi kama anavyohesabu pasi juu ya kola, akauondoa.

Saa kumi alikuwa tena kati ya wale watu aliowaita wanyama, shati linanuka bia, viatu vimejaa uji wa tope, kibofu kinamuuma. Bado walimchukiza, wote. Mama mmoja mnene akamnyooshea chupa ya maji. "Babu, mkono wako! Nawa."

"Nitanawa wakimaliza," alisema.

Kwenye skrini kubwa juu ya jukwaa binti yake aligeuka kuwaelekea wapiga vyombo, na mgongo wa gauni ukaonekana na uwanja mzima. Kiganja kilikuwa pembeni, na kidole chake kilichopinda. Katikati palikuwa peupe pe, na macho ya dobi yakaganda hapo mpaka wimbo wa mwisho.