Vidole vya Mama Povu

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Povu ni ncha za vidole vyake. Nilikuwa nimehamia karibuni kwenye chumba kilicho juu ya duka lao la kufulia nguo, nikashuka na shati la kuendea usaili wa kazi, naye akalipokea. Vidole vilikuwa vyeupe, vimekunjamana kama vya mtu aliyetoka kuoga muda uleule. Vilikuwa hivyo asubuhi mpaka jioni, kwa sababu nguo zote za pale alizifua yeye kwa mikono. Aliyezinyoosha alikuwa kaka yake mkubwa, mtu mrefu, mpole, ambaye wateja humwita Mzee Pasi.

Mzee Pasi hupiga mluzi akiwa kazini. Ni wimbo mmoja tu, siku zote, wa marehemu mama yao, na maneno yake wote wawili wameshayasahau. Mwezi huu anaacha kazi; anakwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali. Mama Povu aliapa kimoyomoyo kwamba siku ya kumuaga atampigia wimbo huo kwa ala, na kaka mtu asijue lolote mpaka siku yenyewe.

Ala aliiazima kwa mwalimu wa muziki, mteja wao wa siku nyingi: ukulele, kigitaa cha nyuzi nne kinachoweza kulala ndani ya beseni. Mwalimu alimwonyesha namna ya kuubana kifuani, kidole gumba cha kushoto kikae nyuma ya shingo ya ala, vingine vibonyeze nyuzi. Alimwanzishia mkao wa kidole kimoja, kisha wa viwili, kisha wa vitatu.

"Ukiiweza mikao hii mitatu, mama, wimbo wako umeuweza," alimwambia. Akamwonya kwamba mwanzoni nyuzi zitamuuma, lakini baada ya majuma mawili ngozi itakuwa ngumu.

Majuma mawili yakapita, ngozi ikabaki laini vilevile. Kila mchana, kaka yake akienda kupeleka nguo kwa wateja, Mama Povu alijifungia stoo kati ya mafurushi akajifunza. Sugu iliyoanza kuota mchana ililainika kwenye maji kabla ya jioni. Mkao wa vidole vitatu ulimtoa machozi, na mpaka avipange, mkono wa kulia ulikuwa umeshamaliza mstari unamsubiri.

Akanunua glavu za mpira. Kaka yake alimtania kutwa nzima, akamwita daktari, akamuuliza shuka lile ameliandikia vidonge au sindano. Tatizo ni kwamba Mama Povu hufua kwa kupapasa: vidole ndivyo vinavyomwambia kama kola imetakata, kama sabuni imetoka. Ndani ya mpira havikumwambia kitu. Sare za wahudumu wa hoteli zilikwenda na michirizi ya sabuni, na mwenye hoteli hakuja na maneno mazuri. Jioni ile glavu ziliishia kwenye pipa. Tulipokutana kwenye ngazi aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ukulele anaurudisha kwa mwenyewe. Badala ya wimbo atamnunulia kaka yake soksi, mambo yaishe.

Asubuhi iliyofuata Mzee Pasi alikunja mikono ya shati akasimama mbele ya mabeseni.

"Leo nafua mimi, mdogo wangu. Joto la pasi limenichosha, na mimi nataka nijue maji yana utamu gani."

"Ufue wewe, kaka? Hata soksi zako nafua mimi."

"Basi nitaanza na hizo soksi. Watu waione aibu yangu polepole."

Hakukuwa na namna ya kumwondoa. Alirusha maji mpaka ukutani, na kola moja aliirudia hadi nikaihurumia. Mama Povu naye, aliyeshika pasi, aliunguza pindo la pazia, la kwao kwa bahati. Lakini mkono wake wa kushoto ulishinda mkavu, siku ile na zilizofuata.

Mchana mmoja nilipita uchochoroni nikamkuta Mzee Pasi amekaa juu ya kreti, chini ya dirisha la stoo, nguo za wateja ameshazifikisha. Ndani, dada yake alikuwa akihangaika na nyuzi. Mzee aliweka kidole mdomoni, akaniashiria nipite kimya. Juu ya kreti alikuwa ametandika mto mdogo. Hakuanza siku ile kukaa pale.

Tangu hapo nausikiliza mluzi wake. Kila ukifika palepale dada yake anapokwama, unasita kidogo, kisha unaendelea. Juzi Mama Povu naye alitambua. Alikuwa ananyoosha, na vidole vya kushoto vikaanza kujipanga vyenyewe juu ya shati la mtu. Mluzi ukasita. Vidole vikafika. Mluzi ukaendelea. Alimtazama kaka yake mgongoni kwa muda mrefu, naye hakugeuka. Mpaka sasa kila mmoja anajifanya hajui kitu.

"Gusa," Mama Povu aliniambia jana, akininyooshea mkono. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama vifungo.

Siku ya kumuaga ni Jumamosi. Viti vimeshaazimwa, na mwalimu atawahi kuja kusawazisha nyuzi. Ule mkao wa vidole vitatu bado unachelewa mara mojamoja. Shati jeupe la siku hiyo Mzee Pasi amelifua mwenyewe, na hakuruhusu mtu alikague. Liko kwenye kamba, dada yake analisubiri likauke alinyooshe. Leo ni Alhamisi, na mimi nimeshaomba ruhusa kazini.