U Mbili

Alikuwa karani mpiga chapa miaka kumi na minane. Ofisi ilipofungwa akanunua kompyuta mbili na printa inayokohoa, akafungua kibanda cha kujaza fomu kwenye korido ya maduka, na watu wakamwita Mama Printa. Mwaka jana, kwa mikono yake mwenyewe, alituma vyeti vya binti wa mama fundi cherehani wa duka la mbele kwenye tovuti ya matapeli. Nafasi ya chuo ikayeyuka. Fundi hakumgombeza, na laiti angemgombeza! Aliacha tu kumsalimia, mwaka mzima, na milango yao inatazamana.

Basi Mama Printa akaingia vitani. Akabandika kwenye kivinjari chake vijiprogramu viwili vinavyopima usalama wa tovuti kwa taa: kijani pita, nyekundu kimbia. Cha kwanza alikiita Askari, maana kazi yake ni kukagua makaratasi: kufuli la usalama lipo, hati ya tovuti ipo, haya pita. Cha pili alikiita Umbea, maana kinategemea kura na maneno ya watu. Miezi kumi akavilinganisha, anaandika daftarini kipi kimepatia na kipi kimeboronga. Wateja walimcheka wee, mpaka wakachoka.

Na leo huyu hapa binti wa fundi. Kaomba upya, kafanya usaili, kachaguliwa. Asipothibitisha nafasi mtandaoni kabla ya saa kumi jioni, anapewa mwingine, na sasa ni saa tisa na nusu. Barua anayo, lakini muhuri umemwaga wino juu ya anwani ya tovuti. Wakatafuta. Zikaja tovuti mbili, nembo ileile, picha ileile ya wauguzi wanaocheka.

Askari akawasha kijani kotekote. Umbea akaipa ya kwanza kijani, ya pili nyekundu pyu.

"Si hii ya kwanza, Mama? Ina kijani mbili."

"Naona hivyo, mwanangu." Kidole kikaelekea kwenye kitufe. Lakini mpiga chapa wa zamani hatumi kitu bila kukisoma kwa sauti. Akasoma anwani: "Chuo... cha... uguzi."

Akaganda.

"Uguzi ndiyo nini? Mtu anauguza, kazi yake uuguzi. U mbili! Bosi wangu, nikidondosha moja, alikuwa ananirudishia ukurasa mzima."

Akautazama muhuri wa barua, penye jina la chuo: u mbili, sawa na tovuti ya pili. Akavuta faili la mwaka jana, lenye anwani ya wale matapeli: u moja, na mwaka jana hakuisoma kwa sauti kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jamani, iliuma.

"Lakini hii nyingine watu wanaitukana," binti akasema, machozi yanamlengalenga.

Wakafungua maneno ya Umbea. *Walinikataa. Usaili mgumu kupita kiasi. Wamenikataa tena.* Mama Printa akaangua kicheko.

"Hawa wamekosa nafasi, wana hasira zao. Na zile sifa za kule, tapeli kajiandikia mwenyewe. Tapeli hamkatai mtu, mwanangu. Tapeli anakupokea hata bila cheti!"

Binti akaandika namba yake kwenye ile nyekundu. Ukurasa ukazunguka, ukazunguka weee. Likatokea jina lake, na alama zake za usaili wa mwezi uliopita. Akathibitisha, saa kumi kasoro dakika saba, akapiga yowe ambalo korido nzima ililisikia.

Fundi cherehani alikuja mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni. "Kuna nini? Wamekutapeli tena?"

"Nimeingia, mama! Mataa yote yalikosea. Ni yeye ndiye kaiona!"

Fundi akamtazama jirani yake. "Kumbe hayo mataa yako ni bure?"

"Yanasaidia," Mama Printa akajibu kwa sauti ndogo. "Ila hayajui Kiswahili."

Fundi akavuta pumzi, akaivua ile futi shingoni. "Haya, simama wima. Siku ya kumpeleka chuo tunakwenda wote watatu, na hilo gauni lako limechoka."

Mama Printa akainua mikono apimwe, huku analia.