Herufi tatu za jina la mjane zimenifanya niitwe mwizi wa mizani

Admin, nifiche. Nina miaka 34, naishi Bondeni hapa Kyela, nina mtoto mmoja, mume sina. Kompyuta nilijifunza mwenyewe kwenye simu huku nauza vocha. Leo naandika draiva. Msicheke, siyo dereva wa malori ya Kasumulu. Draiva ni programu inayokaa ndani kabisa ya kompyuta ili iongee na kifaa, kwangu mimi ni mizani ya kakao na mashine ya risiti. Ikikosea, inaweza kuharibu chochote kilicho jirani yake, hata kuangusha kompyuta nzima.

Kaka yangu wa tumbo moja anatafuta wateja, mimi nafanya ufundi. Draiva tuliyoanzia tuliinunua kwa mtu, nikaikuta imejaa amri za kizamani za kunakili maneno. Amri hizo haziulizi nafasi ipo kiasi gani, zinamwaga tu. Jina la mkulima lilitengewa nafasi 20, na ukuta kwa ukuta panakaa uzito. Wanyakyusa na majina yetu, nafasi 20? Nikazifuta zote, nikaweka amri zinazouliza kwanza. Jina likizidi linakatwa, zinabaki herufi 19 na nafasi moja ya alama ya mwisho, uzito unabaki salama. Nikamwambia kaka, hii ni ya muda, nipe wiki nipanue nafasi yenyewe.

Siku ya kwanza kwenye kituo cha kununulia kakao, Mama Atupakisye Mwakatumbula, mjane, alimrushia kaka risiti usoni. "Mwakatum ndiyo nani? Mmemfyeka marehemu wangu kama mgomba!" Watu wakacheka, kaka akaona aibu. Bila kuniambia, akarudisha draiva ya zamani. Majina yaliyokuwa yakikosa herufi moja yakatoka kamili, akawa anapokea "ndaga fijo" za watu, shukrani tele.

Mpaka mama yuleyule alipoleta gunia la kilo 41, siku ambayo na mimi nilikuwa kituoni. Risiti ikatoka na jina lake lote, na uzito wa kilo 6,384.

"Mama, kakao hizi umezishusha na meli bandarini Itungi?" mmoja akamtania. Kicheko. Kisha mzee mmoja akasema taratibu, "Kama inaweza kuongeza, si inaweza kupunguza? Tumepunjwa mara ngapi?" Kicheko kikafa. Kaka yangu, damu yangu, akaninyooshea kidole. "Fundi ni huyu. Mimi nauza tu."

Nikafungua kompyuta palepale. Amri zangu hazipo! Jina la yule mama, ukihesabu na pengo la katikati, ni herufi 23. Tatu za mwisho, u, l, a, zilimwagikia kwenye uzito, kompyuta ikazisoma kama gramu 6,384,757. (Jina siyo lake halisi, ila nimechagua lenye urefu uleule na mwisho uleule, mtu wa fani asije akanibishia.) Nikaanza kueleza. Nani asikilize habari za herufi wakati anawaza kilo zake? Nikaitwa mwizi.

Mama yetu mzazi ananiambia, "Kubali tu, mwanangu. Kaka yako ana familia, ana heshima kanisani. Watasahau." Mimi huyu mtoto ninayemlea siyo familia? Kaka ndiyo kabisa: "Ukinianika, ujue huna kaka." Yeye aliponianika mimi, alijua ana dada?

Mama Atupakisye alikuwa akiniita mwanangu. Jana sokoni kanipita kama anapita gogo.

Jumamosi chama cha wakulima kinatuita wote. Draiva mpya iko tayari, nafasi za jina 64, nimeijaribu kwa majina marefu ya ukoo mzima, halikukatika hata moja na uzito haukutikisika. Lakini nikikubali kosa lisilo langu, nani ataniruhusu tena niguse mizani yake?

Nishaurini. Nimeze, kaka abaki kaka? Au nisimame mbele ya yule mjane nimwambie kwamba aliyemrudishia jina la mumewe ndiye aliyeuharibu uzito wake? Na msiniambie niombe tu. Nimeshaomba, sasa nataka jibu.