Baba Yake Eliaichi Anavyokunywa Chai

Eliaichi alikuwa karani wa shule moja ya msingi kule Madale, na kwa miaka mingi kila barua ya shule ilipita mikononi mwake. Mialiko ya vikao vya wazazi, matangazo ya chanjo, salamu za rambirambi, zote alizianza kwa kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na afya njema. Kwa hiyo alipojiunga na masomo ya jioni kwenye chuo kimoja Kinondoni, akakuta kuna somo la uandishi wa insha, alijiambia hapo ndipo pa kupumzikia.

Insha ya kwanza ilihusu mtu unayemfahamu vizuri. Akamwandika baba yake, Mzee Petro, aliyehamia kwake tangu mama alipofariki kijijini Usangi. Akaandika kwamba baba ni mchapakazi, mcha Mungu, mpole, mpenda watu. Kurasa zilijaa bila kufuta hata neno.

Mwalimu Revelian, kijana wa Bukoba ambaye kwa umri angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, aliirudisha wiki iliyofuata. Chini alikuwa ameandika: "Huyu ni baba wa kila mtu. Baba yako wewe anakunywaje chai?"

Eliaichi alikasirika. "Katoto haka," alimnong'oneza Gulbahar, mama wa Kihindi aliyekaa naye dawati moja, ambaye familia yake inauza rangi na misumari. "Chai ya mzee wangu inamhusu nini?"

Gulbahar akamtazama juu ya miwani. "Kwani anainywaje?"

Eliaichi akagundua hajui. Na hilo ndilo lililomuuma njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi alimtengea baba yake chai kibarazani, naye akakaa pembeni na ungo akichambua mchele, huku akimchungulia. Mzee alishika kikombe kwa mikono miwili, akapuliza. Akanywa kidogo, akapuliza tena, taratibu, macho yameelekea bondeni. Chai yenyewe ilikuwa imeshapoa. Eliaichi aliimimina kabla mzee hajatoka kuoga.

"Baba, mbona unapuliza chai ya baridi?"

"Napuliza?" Mzee akakitazama kikombe. Akatabasamu peke yake. "Mama yako alikuwa ananipa chai inatokota. Nikilalamika ananiambia, puliza, mdomo umepewa wa nini? Basi nikapuliza miaka yote. Mdomo umeshazoea, mwanangu."

Eliaichi akainamia mchele wake. Tangu mazishi, mama walikuwa wakimtaja kwenye sala tu.

Kuiandika upya insha ile kulimtesa. Alikuwa akibaki ofisini wakati wa chakula cha mchana, anaanza na Mungu, anafuta. Anaanza na uchapakazi, anafuta. Kila sifa aliyoifuta ilimtia woga, kama vile anamvua mzee koti mbele za watu. Mwishowe kilibaki kikombe, kibaraza, na yale maneno ya mama. Akaisoma darasani. Gulbahar alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. Mwalimu Revelian alisema tu, "Sasa nimemwona," kisha akamwonyesha mahali alipokosea tahajia.

Somo lile alilimaliza kwa alama B, akaridhika nayo. Hata matangazo ya shule yalibadilika: la chanjo lilianza moja kwa moja na siku na saa, mpaka mwalimu mkuu akamuuliza kama ameacha kusali.

Kilichobaki ni kumsomea mwenyewe. Alikuwa akiahirisha, akihofia mzee ataona ameanikwa. Jumapili moja, walipotoka kanisani, akaona bora iwe tu. Akasoma. Mzee Petro alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa.

"Umeniandika mzee sana," alisema.

"Nisamehe, baba."

"Si kosa. Mzee ni mzee." Akajipapasa magoti. "Na mama yako, utamwandika lini?"

"Sijui nianzie wapi."

"Usianze na ucha Mungu, hilo kanisani walishasema. Anza na miguu."

"Miguu?"

"Alikuwa na miguu mikubwa, yule. Viatu vya kike vilikuwa vinamkataa dukani, anavaa vyangu. Akipandisha kilima kutoka sokoni nilikuwa namsikia hata kabla mbwa hajamsikia."

Eliaichi hakuwahi kulijua hilo la viatu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mzee naye akacheka, mabega yakimtikisika. Kisha Eliaichi akavuta kiti karibu na baba yake, akamwambia aseme tena, polepole, tangu mwanzo.